Swali la Pili: Msongo wa Kazi kwa Wakutubi wa Vyuo Vikuu na Athari Zake kwa Huduma

Katika maktaba ya chuo cha afya, swali fupi aghalabu ndilo gumu. Tuseme muuguzi aliye katika mafunzo kwa vitendo ametoka wodi ya wazazi akiwa bado na sare yake, naye ana nusu saa tu kabla ya kurudi zamu. Anasimama mbele ya meza ya huduma na kusema, "Shikamoo mama. Naomba kitabu cha kifafa." Mkutubi aliyepumzika vyema ataitikia marahaba, kisha atauliza: "Kifafa cha kawaida, mwanangu, au kifafa cha mimba?"

Swali hilo la pili halichukui hata nusu dakika, lakini ndilo linaloamua ni rafu ipi itakayoendewa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo ambao hutibiwa kwa dawa za kila siku, pengine kwa miaka mingi. Kifafa cha mimba ni dharura ya uzazi, na dawa inayotangulia katika kukizuia na kukitibu ni magnesiamu salfeti. Mkutubi mwenye uzoefu atatazama pia mwaka wa toleo, kwa kuwa utafiti mkubwa wa nchi mbalimbali uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995 ndio ulioonyesha kwamba dawa hiyo huzuia degedege la mama mjamzito lisirudi, tena kwa ubora kuliko diazepamu na fenitoini. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo chaweza kuwa bado kimesimama rafuni, jalada lake zima na kurasa zake safi, kikimwelekeza msomaji kwenye dawa iliyokwisha kushindwa.

Sasa tuseme mkutubi yuleyule amekaa mezani saa nane bila kupumzika. Mtandao umekatika mara tatu tangu asubuhi, mwenzake ni mgonjwa, na mwanafunzi mmoja ametoka kumfokea kwa sababu ya faini. Ataitikia marahaba, atanyoosha kidole na kusema, "Magonjwa ya mishipa ya fahamu, rafu ya tano." Amejibu alichoulizwa, na kwa adabu. Muuguzi ataondoka na kitabu kisichomfaa, wala hakuna daftari la malalamiko litakalolirekodi tukio hilo. Makala haya yanahusu umbali uliopo kati ya mkutubi wa kwanza na wa pili, ambao ni mtu mmoja.

Kinachotokea mwilini

Msongo wa kazi humpata mtu pale ambapo madai ya kazi yake yanazidi uwezo, nyenzo au mamlaka aliyonayo ya kuyakabili. Ubongo unapotambua tishio, sehemu yake iitwayo haipothalamasi hutuma taarifa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mishipa ya fahamu, ambayo huzifanya tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini papo hapo. Njia ya pili hupitia tezi ya pituitari, ambayo huziamuru tezi hizohizo za juu ya figo kutoa kotisoli, nayo huongezeka katika damu dakika kadhaa baadaye. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Kwa mkutubi hakuna pa kukimbilia wala wa kupigana naye, kuna foleni.

Hali hiyo ikidumu kwa saa moja kisha ikapita, kwa kawaida haidhuru, na pengine humsaidia mtu kumaliza kazi. Ikiendelea kwa miezi, usingizi huvurugika, kichwa, mgongo na tumbo huanza kuuma, hasira huwa karibu, na shinikizo la damu la mtu aliyekwisha kuwa nalo huwa gumu kudhibiti. Wahudumu wa afya wanaosoma makala haya wanazijua dalili hizo, wengi wao kutoka miilini mwao wenyewe.

Kwa upande wa huduma, jambo lenye uzito zaidi hutokea katika sehemu ya mbele ya ubongo. Hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kushika mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja, kuyalinganisha, na kulizuia jibu la kwanza linalomjia mdomoni hadi alipime. Ni sehemu hiyo inayodhoofika mapema chini ya msongo, na hasa chini ya msongo ambao mtu anahisi hana uwezo wa kuudhibiti. Mazoea ndipo hushika usukani. Mfanyakazi bado ataweza kupokea kitabu, kugonga muhuri na kuandika tarehe ya kurudisha, hata kwa haraka kuliko jana. Kinachomponyoka ni udadisi, na swali la pili ni tunda la udadisi.

Utulivu wa chumba na utulivu wa kazi

Watu wengi huichukulia maktaba kuwa mahali pa kupumzikia, na mkutubi kuwa mtu aliyebahatika kulipwa kwa kukaa kimya. Mwaka 2006, huko Uingereza, mtafiti mmoja wa saikolojia aliwahoji watu wapatao 300 wa kazi tano: wazima moto, polisi, waendesha treni, walimu na wakutubi. Waliokuwa na manung'uniko makubwa kuliko wote juu ya kazi yao walikuwa wakutubi. Utafiti huo ulikuwa mdogo, wa nchi moja, na si haki kuutumia kudai kwamba kazi ya maktaba ni ngumu kuliko kuzima moto. Hata hivyo malalamiko yenyewe yanafundisha. Wakutubi hao walilalamika kwamba ujuzi wao hautumiki, kwamba kazi yao ni ileile kila siku, na kwamba hawana kauli juu ya mwelekeo wa kazi yao.

Hoja hiyo ya kauli si ngeni kwa wataalamu wa afya kazini. Mwaka 1979 Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Uswidi na Marekani, alieleza kwamba wingi wa kazi peke yake hauelezi kwa nini watu huumia. Wanaoumia zaidi ni wale walio na madai makubwa ilhali hawana uhuru wa kuamua namna ya kuyatimiza. Daktari bingwa na karani wake wanaweza kuwa na shughuli nyingi sawasawa. Mmoja huamua lini atafunga mlango, mwingine huamuliwa. Baadaye, katika uchunguzi wa muda mrefu ulioanza mwaka 1985 kwa watumishi wa serikali 10,308 wa London, ilionekana kwamba waliokuwa na mamlaka madogo juu ya kazi yao walipatwa zaidi na maradhi ya mishipa ya moyo kuliko wenzao waliokuwa na mamlaka makubwa.

Tuitazame meza ya huduma kwa jicho hilo. Anayekaa pale hakupanga kiwango cha faini, lakini ndiye anayeitoza na ndiye anayetukanwa. Hakuamua ni nakala ngapi za kitabu cha anatomia zinunuliwe, lakini ndiye anayewaambia wanafunzi kwamba zote zimeazimwa. Saa za kufungua huongezwa wakati wa mitihani bila watumishi kuongezwa. Umeme ukikatika, yeye ndiye anayeulizwa utarudi lini.

Kisha kuna kazi mpya iliyoongezwa juu ya ile ya zamani. Tangu mwaka 2002, kupitia mpango wa Hinari unaoendeshwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, vyuo na hospitali za nchi zenye kipato kidogo hupata majarida ya tiba bure au kwa gharama ndogo. Ni neema kubwa kwa tiba ya nchi zetu. Lakini neema hiyo ilimgeuza mkutubi kuwa mtunza nywila, mwalimu wa kompyuta na fundi wa mtandao, mara nyingi bila mafunzo ya kutosha na bila kupunguziwa rafu za kupanga. Msomaji akilalamika kwamba makala haifunguki, sababu inaweza kuwa Geneva uliko mpango, Amsterdam aliko mchapishaji, au waya uliokatika mtaa wa pili. Mkutubi hana mamlaka juu ya hata kimoja kati ya hivyo vitatu, ila uso unaotazamwa ni wake.

Yako pia mambo ambayo hayapimwi kwa urahisi. Si ajabu kusikia katika taasisi zetu kwamba mtumishi fulani "amepelekwa maktaba", kwa sauti ileile ambayo ingetumika kusema amepelekwa jela. Mtu anayejua kwamba nafasi yake inahesabiwa kuwa adhabu huianza siku akiwa amekwisha kuchoka.

Kinachopotea mezani

Mwaka 1968 Robert Taylor, mtaalamu wa taaluma ya habari wa Marekani, aliandika makala ambayo wakutubi bado huisoma. Alionyesha kwamba swali ambalo mtu hulifikisha mezani aghalabu silo swali alilo nalo. Mtu huwa na hitaji ambalo hata mwenyewe hajalipatia maneno. Hulipunguza, hulinyoosha, hulitafsiri katika lugha anayodhani maktaba inaielewa, na mwishoni husema neno moja, kama vile "kifafa". Kazi ya mkutubi ni kurudi naye nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwenye hitaji lenyewe. Daktari atatambua hapa kitu kinachofanana na kuchukua historia ya mgonjwa.

Katika jimbo la Maryland, Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 uliwatuma watu waliojifanya wasomaji wa kawaida kwenda kuuliza maswali katika maktaba za umma. Majibu sahihi na kamili yalikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Jambo lililotofautisha jibu jema na baya halikuwa hasa ukubwa wa maktaba wala wingi wa vitabu. Lilikuwa mwenendo wa anayehudumu: kama aliuliza zaidi ili aelewe, kama alihakikisha amelipata swali, na kama alimalizia kwa kuuliza iwapo jibu limetosha.

Uchunguzi huo haukupima msongo, na sitaki msomaji aondoke akidhani ulifanya hivyo. Ninachokisema ni hitimisho langu mwenyewe kutokana na mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja: tabia zinazoleta jibu sahihi ndizo zilezile ambazo ubongo uliolemewa huziacha kwanza. Ndiyo sababu takwimu za maktaba zinaweza kuonekana nzuri huku huduma ikioza. Idadi ya vitabu vilivyoazimwa haishuki. Foleni huenda mbio zaidi, kwa sababu maswali yote yamekuwa ya hatua moja.

Upande wa pili wa meza nako kuna hofu. Constance Mellon alichapisha mwaka 1986 uchunguzi wa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, akaona kwamba kati ya asilimia 75 na 85 waliielezea mara yao ya kwanza maktabani kwa maneno ya woga au kuchanganyikiwa. Walidhani wenzao wote wanajua kutumia maktaba isipokuwa wao, wakaona aibu kuuliza. Mwanafunzi wa namna hiyo akikutana na uso uliokunjamana mara moja tu, hatarudi. Atauliza rafiki yake, au atafungua ukurasa wa kwanza anaoupata katika simu. Mkutubi hatajua kwamba amempoteza msomaji, na pengine siku hiyo atashukuru kwamba foleni imepungua.

Kutoka rafuni hadi kitandani

Mgonjwa anaweza kuuliza yanamhusu nini haya, maadamu yeye hatii mguu katika maktaba ya chuo. Mwaka 1992 Joanne Marshall alichapisha utafiti uliofanyika Rochester, jimbo la New York, ambamo madaktari 208 waliombwa kutumia taarifa walizotafutiwa na maktaba za hospitali juu ya wagonjwa waliokuwa nao. Asilimia 80 kati yao walisema kwamba taarifa hizo ziliwafanya, au yumkini ziliwafanya, wamhudumie mgonjwa tofauti na walivyokusudia, iwe katika vipimo, dawa au ushauri. Huduma ya maktaba inapodorora, ni mabadiliko kama hayo yanayokosa kutokea.

Tukio la Baltimore la mwaka 2001 linaonyesha gharama ya utafutaji usiokamilika. Ellen Roche, mtumishi wa maabara mwenye umri wa miaka 24 na afya njema, alijitolea katika utafiti wa pumu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alivutishwa kwa mdomo dawa iitwayo heksamethoniamu, mapafu yake yakashindwa kazi, na tarehe 2 Juni akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta maandishi juu ya madhara ya dawa hiyo, lakini hifadhidata aliyoitegemea wakati huo ilirudi nyuma hadi mwaka 1966 tu. Makala za miaka ya 1950 zilizokuwa zimetaja madhara ya mapafu hazikuonekana. Kisa hicho hakikutokana na uchovu wa mkutubi yeyote, wala sikitaji ili kumlaumu mtu. Nakitaja kwa sababu swali lililokosekana pale, "Je, umetafuta na kabla ya 1966?", ni la aina ileile ambayo mkutubi wa tiba amefunzwa kuuliza, akiwa na muda, utulivu na ujasiri wa kumuuliza mkubwa wake.

Lini uchovu huwa zaidi ya uchovu

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua upya, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, hali ya kuchakazwa na kazi. Lilieleza kwamba ni jambo linalotokana na kazi na si ugonjwa, nalo huletwa na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa. Sura zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni au kuitazama kwa kejeli, na kupungua kwa ufanisi. Kwa mkutubi, kejeli ndiyo rahisi kuisikia. Wasomaji huanza kuitwa "hawa watu". Maswali yao huwa kichekesho cha chumba cha chai.

Mtu aliyefika hapo hana tabia mbaya, ameumia. Hata hivyo apimwe, kwa kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kisukari na sonona vyote vyaweza kujificha nyuma ya neno "nimechoka". Ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo vimedumu zaidi ya wiki mbili, aende kituo cha afya. Ikiwa amewahi kufikiria kujidhuru, aende leo, na asiende peke yake.

Nini kifanyike

Taasisi nyingi, zikisikia neno msongo, huandaa semina ya siku moja. Mtaalamu huja, hufundisha kupumua kwa utaratibu, chai hunywewa, na Jumatatu foleni ni ileile. Kupumua kunasaidia na sikudharau, lakini hakumpi mtu mamlaka aliyonyimwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya Septemba 2022 juu ya afya ya akili kazini inapendekeza kurekebisha mazingira yenyewe ya kazi na kuwafunza wasimamizi kuwatambua na kuwasaidia watumishi wenye dhiki, sambamba na kumfunza mfanyakazi.

Tuanze na lililo sheria tayari. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mkutubi anayekula chakula cha mchana chini ya meza huku akigawa vitabu kwa mkono mwingine hafanyi bidii. Ananyimwa haki yake, na anayefuata kwenye foleni ananyimwa akili yake.

Yanayobaki hayadai fedha nyingi. Meza ya huduma izungushwe kila baada ya saa mbili, ili aliyetoka kukabili watu apate muda na katalogi au rafu. Anayetoza faini apewe uwezo wa kusamehe kiasi kidogo kwa busara yake. Mapato yatakayopotea ni machache kuliko ugomvi utakaoepukwa. Matoleo ya tiba yaliyopitwa na wakati yaondolewe rafuni na kuwekwa ghala, kwa kuwa kila kitabu cha zamani kinachobaki pale ni mtego unaohitaji mtu macho wa kuutegua. Na wanaokaa mezani waulizwe nini kiondolewe katika kazi yao kabla ya kuongezwa kingine. Kwa nionavyo mimi, hilo la mwisho lina nguvu kuliko yote, na ndilo linalofanyika kwa nadra zaidi.

Wewe unayekwenda kuuliza, daktari, muuguzi au mwanafunzi, unaweza kumpunguzia mkutubi mzigo kwa kulileta swali likiwa limevaa nguo zake zote. Taja ugonjwa kwa jina kamili, umri wa mgonjwa, kama ni mjamzito, unataka kujua utambuzi au tiba, na unahitaji jibu lini. Ukipewa kitabu, tazama mwaka wa toleo ukiwa bado umesimama pale mezani.